Faili na King'ora

Mpwa wangu, umeniuliza ni upande upi wa kazi yako mpya uutilie nguvu zaidi: ukaguzi wa viwanda, ambao unasema umejaa makaratasi, au kikosi cha dharura, chenye buti, barakoa na king'ora. Naona mafunzoni mmefundishwa mambo hayo katika madaftari mawili. Yaunganishe mapema. Dharura nyingi nilizozijua katika utumishi wangu zilikuwa zimekwisha kuandikwa ndani ya faili la mtu: kibali kilichotolewa haraka, sharti ambalo hakuna aliyelifuatilia, barua ya onyo iliyojibiwa kwa barua nyingine.

Tazama kwa majirani zetu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kituo cha kujazia gesi kililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi. Watu walikufa, mamia wakaungua. Kesho yake kila mtu alitaka kujua waliofika kuzima moto walifika saa ngapi, lakini habari yenyewe ilikuwa nyuma zaidi. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, mwezi Machi, Juni na Julai. Wakati huohuo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni yake, na baada ya mlipuko maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi. Maafisa wa ofisi mbili za serikali ileile walitazama kiwanja kimoja, hawa wakasema hapana, wale wakasema sawa. Zimamoto wangefika dakika ile ile bado wangekuta watu wamelala jirani na gesi.

Au bwawa la Solai, Nakuru. Lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 likazoa nyumba na watu karibu 50 wakafa. Baada ya msiba ndipo ikatangazwa kuwa bwawa halikuwa na kibali. Bwawa halifichiki, mwanangu. Linaonekana kutoka mbali, lina miaka, watoto wanachunga mbuzi kandokando yake. Kwa hiyo ukiingia ofisini usianze na mafaili yaliyopo. Anza na yale ambayo yangepaswa kuwapo na hayapo. Panda juu mahali penye mwinuko, hesabu mabomba ya moshi na matangi, kisha rudi uulize kila kimoja faili lake liko wapi.

Kituo chako ni Arusha na nyumba uliyopanga iko Kijenge, basi umebahatika, kwa sababu somo lako linapita nyuma ya ua. Mto Kijenge unashuka kutoka Mlima Meru, unapita kwenye migomba, unaingia katikati ya nyumba, gereji na sehemu za kuoshea magari, kisha unakutana na Themi. Themi unakwenda kuingia Kikuletwa, Kikuletwa unaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji yanaitwa Pangani hadi baharini. Oili chafu inayomwagwa na fundi mmoja pale chini haina haja ya pasi wala kibali ili isafiri. Kabla haijafika mbali, inawapitia akina mama wa bustani za mchicha, figiri na chainizi wanaomwagilia kwa maji ya Themi, na mboga hizo jioni ziko sokoni. Utazila wewe mwenyewe.

Utembee mto huo kwa miguu, tena si mchana wa kiangazi tu, wakati kila kitu kimetulia na wenye viwanda wamevaa tai. Nenda mvua inaponyesha usiku, au alfajiri yake. Anayetaka kumwaga maji machafu hungoja mvua, kwa sababu mto ukishakuwa mwekundu kwa tope hakuna atakayeuliza rangi imetoka wapi. Kikikaguliwa saa nne asubuhi kwa taarifa ya wiki mbili, hata kiwanda kibaya kinanukia sabuni.

Na ukifika getini, mwamkie mlinzi. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake kamili, usimpite ukikimbilia ofisi ya meneja. Mlinzi wa zamu ya usiku anajua valvu ipi hufunguliwa na saa ngapi. Fundi bomba anajua bomba lipi halimo kwenye ramani. Meneja anajua kile alichoandikiwa kwenye ripoti. Nimeona vijana wenye shahada nzuri wakikaa saa nzima na meneja, wakanywa soda, wakaondoka na ripoti iliyopigwa chapa vizuri, huku aliyekuwa na habari yote akiwafungulia geti kwa heshima.

Sasa nije kwenye chupa za sampuli. Sheria unayo, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na inakupa mamlaka ya kuingia, kukagua na kuchukua sampuli. Lakini mahakamani haisimami sheria peke yake, inasimama chupa. Ilichukuliwa wapi, saa ngapi, na nani, mbele ya nani, ilifungwa kwa lakiri gani, ilikaa kwenye barafu au kwenye buti ya gari lililopigwa jua, na kila mkono ulioipokea ulitia saini wapi. Mwachie mwenye kiwanda sehemu ya sampuli hiyohiyo akapime kwake akitaka. Wakaguzi wanaofanya hivyo ni wachache, lakini wakili wa mwenye kiwanda akisimama, hana pa kushika.

Hapa Arusha kuna jambo ambalo vitabu vya nje havikukuambia. Meru ni volkano, ilitema mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake inatoa floraidi inayoyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana unaona watu wa upande huu wenye meno ya kahawia, na kule chini kwenye tambarare utakutana na watoto ambao miguu yao imepinda. Maji hayo ni meupe kama yametoka dukani. Kwa miaka mingi kiwango chetu cha maji ya kunywa kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema 1.5, na baadaye nasi tukateremka hapo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floraidi. Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu siku moja utapima maji chini ya kiwanda, utakuta floraidi iko juu, na moyo utakuambia umemkamata. Kama hukupima juu ya kiwanda pia, utakuwa umemshtaki mlima. Pima juu, pima chini, pima masika, pima kiangazi, uwe na vipimo vya siku za amani kabla ya siku ya ugomvi.

Kukosekana kwa vipimo vya siku za amani kunagharimu kuliko unavyodhani. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, na ripoti ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ililipuka, wengine kwa kicheko, wengine kwa hasira. Mimi siingii katika kuamua nani alikuwa sahihi. Ninachokuonyesha ni kwamba watu wa bonde lile walikuwa na migodi jirani, walikuwa na kumbukumbu ya uchafuzi wa Mto Tighithe mwaka 2009, na mkemia yeyote ambaye angefika siku ile na jibu lolote lisilotaja mgodi angepata shida kuaminiwa. Imani ya watu haipatikani siku ya msiba. Bandika matokeo yako kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila robo mwaka, hata yakiwa mazuri na hakuna anayeyasoma.

Kuhusu bahasha sitasema sana. Ulilelewa nyumbani kwetu. Ila jihadhari na kitu kinachokuja bila sura ya rushwa: gari. Ofisi itakuwa haina mafuta, utakuwa na ukaguzi Ijumaa, na kiwanda chenyewe kitapiga simu kwa upole, "Tukutumie dereva?" Ukipanda gari lao umekwisha kula chakula chao. Utafika saa wanayotaka wao, utaondoka dereva akichoka, na njiani utasimuliwa jinsi watu mia mbili watakavyokosa kazi kwa sababu yako. Panda daladala. Chukua bodaboda udai risiti. Watakucheka, waache.

Liko na jambo linaloniuma mpaka leo, nalo sina jibu lake safi. Sheria inakataza shughuli za kudumu za watu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sharti zuri, mafuriko ya Aprili 2024 hapa Arusha, yaliyosomba gari la shule na watoto ndani, yalituonyesha maji yakipanda yanafanya nini. Lakini nenda kapime mita 60 pande zote za mito ya mji huu uone nani amesimama ndani yake. Utamkuta mama wa mchicha, kijana anayeosha magari, na pia ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu. Kila mara utaombwa uanze na mama wa mchicha, kwa sababu yeye hana wakili na picha yake inatoka vizuri kwenye taarifa ya habari. Ilikuwa hivyo na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019: marufuku ya maana kabisa, lakini mchuuzi mwenye mifuko michache ni rahisi kukamatwa kuliko aliyeiingiza kwa lori. Nakushauri uanze na ukuta. Utachelewa kupanda cheo. Mama wa mchicha naye lazima umwambie ukweli kuhusu mahali maji yanapofika, bila kumdanganya kwamba uko upande wake daima.

Haya, king'ora. Gari la kemikali limepinduka. Kwanza simama. Tazama upepo, uje ukiwa na upepo mgongoni. Tafuta kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya gari na usome namba kwa darubini, si kwa kukisogelea: 1203 ni petroli, 1075 ni gesi ya kupikia, 1017 ni klorini, 1689 ni sianidi ya sodiamu inayokwenda migodini. Klorini ni nzito kuliko hewa, hujilaza mabondeni, na Kijenge ni sehemu ya mabonde. Watu waondoke kuelekea juu na pembeni ya upepo, wasikimbilie chini mtoni. Piga 114 waje Zimamoto, mtafute mtu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Vikiwa ni viuatilifu, wataalamu wake wako Ngaramtoni, usiwasahau.

Kisha mitaro. Zimamoto watafikiria moto, ni kazi yao. Wewe fikiria maji yao yanakwenda wapi. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi. Moto ulizimwa, lakini maji ya kuzimia yaliburuta sumu hadi Mto Rhine, ukageuka mwekundu, na mikunga wakafa kwa maelfu. Wazima moto wenyewe hawakulaumika. Hakuna aliyekuwa amejenga kizuizi. Ziba mtaro kwa viroba vya udongo kabla bomba la kwanza halijafunguliwa. Kwa hiyo ni lazima uwe unajua mtaro huo unatokea wapi, na hapo unarudi kwenye kutembea mtoni usiku wa mvua.

Halafu watu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walijaa na madumu, ukatokea mlipuko, na waliokufa walizidi 100. Yalikwisha kutokea Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Sange, Kongo, Julai 2010. Wasomi husema watu hawana elimu. Si kweli, kila mtu anajua petroli inawaka. Anajua pia bei ya lita, na anaona wenzake hawajaungua bado. Mkanda wa njano haumzuii mtu huyo. Anamsikia anayemjua: mwenyekiti wake wa mtaa, msimamizi wa kijiwe cha bodaboda, shehe, mchungaji. Bodaboda ndio watakaofika kabla yako, siku zote. Kaa nao kijiweni leo, kunywa kahawa, waambie ukiwaona wamefunga njia kwa pikipiki zao mita mia tatu kutoka kwenye lori, utawashukuru mbele ya watu.

Na zipo dharura ambazo hazipigi king'ora kabisa. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Aliyepiga kelele alikuwa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, baada ya mwanawe kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya kuwa imetenguliwa. Miongoni mwa walioamriwa kulipa ilikuwamo NEMA yenyewe, ofisi iliyowekwa kuwalinda.

Masika yanaanza Machi. Kabla hayajafika, nataka uwe umepata simu za wenyeviti wa mitaa yote ambayo Mto Kijenge unapita, umezijaribu moja moja kama zinapokelewa usiku, na umemuuliza mlinzi wa kila geti lililo kando ya maji jina lake. Buti za kazi ziache nje ya nyumba, nguo zake zifue peke yake. Ukiwa tayari, nitakuja Jumamosi moja tutembee pamoja kutoka Kijenge Juu hadi pale mto unapoingia Themi. Magoti yangu bado yanaweza kushuka, ila kupanda tutatafuta bajaji.