Amri ya Nane na Chupa ya Utupa

Kikundi chetu cha akina mama wa usharika, huku Old Moshi, hutengeneza dawa ya bustani kwa majani ya utupa. Tunayatwanga, tunayaloweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tunayachuja kwa kitambaa, tunaongeza sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani, kisha tunapiga kwa bomba la mgongoni. Vidukari kwenye maharage hufa. Mama zetu walilijua hilo. Nao watafiti walioupima utupa na magugu mengine ya pembezoni mwa shamba, kwenye maharage ya kaskazini mwa Tanzania, walikuta unapunguza wadudu waharibifu huku ukiwaacha buibui na wadudu wengine rafiki kuliko zinavyowaacha dawa za dukani. Sasa wenzangu wanataka tuufungashe kwenye chupa tuupeleke Mbuyuni na Kiboriloni, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, kazi ya kuandika lebo nimepewa mimi.

Mtoto wa kaka yangu anauza katika duka la pembejeo mjini. Alinishauri kwa nia njema kabisa. “Shangazi, usiandike kwamba inaua wadudu. Ukiandika hivyo umejiita muuza kiuatilifu, na watu wa Ngaramtoni watakudai usajili. Andika ‘Rafiki wa Bustani, asilia tupu’. Mteja anajua mwenyewe inafanya nini, na asiyejua utamwambia kwa mdomo.”

Kisheria anasema kweli. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kazi iliyokuwa ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndio hao watu wa Ngaramtoni, na kinachokifanya kitu kihesabiwe kuwa kiuatilifu ni kile kilichokusudiwa kufanya: kuua, kufukuza au kuzuia visumbufu. Kutoka kwenye jani badala ya kiwandani hakukiondoi humo. Na kusudi la muuzaji husomwa kwanza kwenye maneno yake. Marekani, siki ya kuwekea kachumbari ni chakula; siki hiyohiyo, ukiibandika karatasi inayosema inaua magugu, imeingia chini ya sheria yao ya viuatilifu ya mwaka 1947.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa mchezo wa makarani: vipi maji yaleyale yawe halali au haramu kwa sababu ya sentensi moja? Mchagga hapaswi kulishangaa. Isale, mmea wetu wa mila, lililopandwa mpakani ni mpaka, na anayeling’oa amejitafutia ugomvi wa vizazi. Chuma jani lake umpelekee uliyemkosea, limekuwa ombi la msamaha, tena ombi ambalo mtu mzima anaona aibu kulikataa. Mmea haujabadilika. Kusudi la aliyeushika ndilo lililobadilika, na sisi sote tunakubali kufungwa nalo. Sioni ajabu, basi, serikali ikiuliza kwanza: hiki unakiuza kwa kusudi gani?

Ila isale hufanya kazi kati ya watu wanaofahamiana. Hata utupa, ukiwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, uko hivyo. Jirani yangu anauona kichaka chenyewe, ananiona nikitwanga, anayaona maharage yangu wiki inayofuata. Hahitaji kuniamini, kwa kuwa ana macho. Chupa inamnyima macho hayo. Mnunuzi wa mjini anabaki na maneno tu, na mwenye maneno ni mimi.

Na maneno yangu yanaweza kuwa si kweli bila mimi kujua. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Malawi walionyesha kwamba utupa uko wa aina mbili kikemikali. Mmoja una rotenoidi, ambazo ndizo zinazoua wadudu. Mwingine hauna, na ukiupiga umepiga maji tu. Wakulima walikuwa wamepanda yote miwili wakiamini ni dawa moja. Augustino wa Hippo alifundisha kwamba uongo hukaa moyoni, katika nia ya kudanganya. Nampenda Augustino, lakini hapa hanitoshelezi. Mama anayeuza utupa usio na nguvu huku akiuamini kwa moyo wote hajadanganya, na maharage ya mnunuzi yameliwa vilevile. Katika kipaimara tulifundishwa kuihesabu amri ya kutomshuhudia jirani uongo kuwa ya nane. Mimi ninavyoielewa sasa, inamgusa pia shahidi aliyesimama kizimbani kwa moyo safi akaapia jambo asilolichunguza. Majaribio ambayo Mamlaka inayadai kabla ya kusajili, pamoja na gharama na usumbufu wake, ni uchunguzi ambao shahidi anadaiwa kabla ya kufungua kinywa.

Hata hivyo, kinachonikosesha usingizi zaidi ni ule ushauri wa kunyamaza.

Utupa si maji ya maua. Kwa vizazi vingi watu wameutwanga na kuutia mtoni ili samaki walewe waelee juu. Rotenoni, mojawapo ya kemikali zake, ndiyo ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwatia panya mfululizo, wakaripoti mwaka 2000 kwamba panya hao walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kupiga maharage mara mbili kwa msimu ni jambo jingine kabisa, najua, wala sitaki kumtisha mtu. Lakini kuna mambo ambayo mnunuzi lazima ayajue. Avae glavu. Asipulize upepo ukimjia usoni. Asubiri siku kadhaa kabla ya kuchuma mboga. Na asioshee bomba kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, kwa sababu huku mlimani maji yale yanashuka kutoka kihamba hadi kihamba, na huko chini kuna mtu mwenye bwawa la perege.

Sasa nitaandikaje hayo chini ya jina “Rafiki wa Bustani”? Rafiki gani anayehitaji glavu? Nikiandika kwamba anaua samaki nimekiri kwamba ana sumu, na nikikiri kwamba ana sumu nimeshasema anaua wadudu. Dai na onyo vimezaliwa pamoja. Anayelificha moja amelificha na jingine. Ndiyo maana “asilia tupu” naiona kuwa dai baya kuliko “inaua wadudu”. Lile la pili linaweza kupimwa, na linamfanya mtu ajihadhari. Hili la kwanza linamwambia alegee. Mrututu, ile dawa ya shaba, nao ni madini ya ardhini, na bado miaka mingi ya kuupiga kwenye kahawa dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani imeacha shaba katika udongo wa vihamba vyetu.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, muuza nafaka, alinisimulia habari ya Mtume Muhammad sokoni: alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi iliyolowa hakuiweka juu watu waione, na akatamka kwamba mdanganyifu si wake. Muuzaji yule hakuwa amesema neno lolote la uongo. Alikuwa amepanga rundo tu.

Sheria nayo nina neno nayo. Ikiwa mlango wa kusema kweli una gharama ambayo kikundi cha akina mama hakiwezi kuibeba, na mlango wa kunyamaza uko wazi bila malipo, watu watanyamaza, na maonyo yatapotea pamoja na madai. Kuubana mlango zaidi hakusaidii. Ufaransa ilipitisha sheria ya kilimo mwaka 2006 iliyozuia hata kupendekeza hadharani maandalizi ya asili yasiyoidhinishwa, yakiwemo maji ya yale majani yanayowasha ambayo hata huku mlimani yanaota kando ya njia. Wakulima wa bustani wakaona wamekatazwa kufundishana, ikawa mapambano ya miaka. Marekani, tangu 1996, ina orodha ya vitu vya hatari ndogo kama kitunguu saumu na mafuta ya karafuu, ambavyo vinaweza kuuzwa dhidi ya wadudu bila usajili wa kitaifa, mradi vilivyomo viandikwe na lebo isidai kupita kiasi. Ningependa tuwe na orodha yetu ya namna hiyo. Utupa nisingeuingiza humo. Pilipili, ningeiingiza.

Kikundi kimekubali kwanza kuuza miche, na kila anayenunua anaonyeshwa kichaka, anaelezwa habari za samaki na za siku za kusubiri. Mtoto wa kaka yangu ana hoja ambayo siidharau: mpangaji wa Majengo au Pasua, mwenye sukuma wiki kwenye viroba nyuma ya chumba, hana pa kupanda mche. Anahitaji chupa. Nimemjibu kwamba mtu huyo ndiye hasa ninayemwogopea, kwa sababu hajawahi kuliona jani la utupa, na akiambiwa ni rafiki atapiga asubuhi na kuchuma jioni amlishe mtoto. Kwa ajili yake nimeandika barua kwa Mamlaka kuomba maelekezo ya kuanza usajili. Nimeandika kwamba inaua, inaua nini, kwamba hatujui vichaka vyetu ni vya aina ipi kati ya zile mbili na tunaomba vipimwe, na kwamba maji ya mfongo wetu yanaishia kwenye mabwawa ya watu.