Makaa ya kuficha ndege: Je, mhunzi ana lawama?

Nilikwenda Muleba kwa ajili ya arusi. Baada ya wageni kupitishiwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo ada ya Wahaya, mpwa wangu mmoja alinivuta pembeni. Amesoma kemia chuo kikuu na amepata nafasi ya kuendelea na masomo nje. Kazi anayotakiwa kuifanyia utafiti ni kutengeneza makaa mepesi mno yanayomeza mawimbi ya maikrowevu.

"Mjomba," akaniuliza, "mawimbi hayo ndiyo ya rada. Ikiwa nitatengeneza kitu cha kuficha ndege ya vita, nami nitakuwa na fungu katika damu itakayomwagika?"

Sikumjibu pale pale. Siku ya pili nikirudi Bukoba, gari lilipopita Kemondo, nikakumbuka kwamba swali lile si geni katika ardhi ile. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi wahunzi wa kando ya ziwa walivyotengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na miongoni mwa ushahidi wao ni mabaki ya matanuri ya huko Kemondo. Wazee wa Kihaya waliowajengea tena tanuri la kale walijaza shimo lake majani ya bwawani yaliyochomwa, na chuma kikanyonya kaboni ya majani hayo. Chuma kile kile kingeweza kuwa jembe au mkuki. Lakini mhunzi alimfahamu mteja wake, na aliuona mkuki ukitoka mlangoni.

Makaa ya kijana wetu yanaitwa aerojeli ya kaboni. Hebu fikiria sifongo jeusi ambalo karibu lote ni matundu. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, kilitangaza moja ya grafini yenye uzito wa miligramu 0.16 kwa sentimita moja ya ujazo. Maana yake, debe la lita 20 likijaa kitu hicho halifiki gramu 4, ukiacha hewa iliyomo. Wimbi likipiga bati hurudi lilikotoka, na rada hungoja kurudi huko ndipo ijue kuna kitu. Likiingia katika matundu haya hupigwa huku na huku, nguvu zake zikageuka joto kidogo, na rada ikabaki inangoja.

Wanaotetea kazi hii husema ina manufaa mengi, nao wanasema kweli. Vyumba vya kupimia antena hutandikwa mapovu meusi yenye kaboni, na mitambo ya hospitali huhitaji kukingwa isivurugwe na mawimbi ya jirani. Lakini tujiulize: ukuta wa hospitali una haja gani ya kuwa mwepesi kuliko hewa? Wepesi hutafutwa na kinachoruka. Zipo setilaiti, sikatai, lakini ipo na ndege ya vita.

Watu wa Kagera si wageni wa jambo hili. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipodondosha mabomu Bukoba, vioo vilipasuka na watu wakakimbia ovyo, lakini angalau ndege zilionekana. Usiku wa Februari 13, 1991, ndege za Marekani aina ya F-117, zilizofichwa na umbo lake na ngozi yake isirudishe mawimbi, zilipiga mahandaki ya Al-Amiriya, Baghdad. Raia zaidi ya 400 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto waliojihifadhi humo. Ngozi ile haikuwa aerojeli. Bali kazi yake ndiyo hiyo hiyo.

Mafaqihi walikwishajadili suala la kumuuzia maji ya zabibu mtu atakayeyafanya pombe. Imamu Abu Hanifa aliona inafaa, kwa kuwa dhambi imo katika kitendo cha mnunuzi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakuridhika. Aidha wanazuoni walikataza kuuza silaha wakati wa fitna. Mzozo wote umesimama juu ya neno moja: kujua. Na hapa ndipo mambo ya leo yalipoharibika, kwa sababu mtafiti huandika karatasi yake, huichapisha, na mnunuzi hamuoni kamwe. Wengine wanapumzika katika kutojua huko. Mimi sioni kama ni udhuru kwa mtu anayeweza kuuliza.

Nilimpigia simu Ijumaa baada ya swala. Nikamwambia aende, kwani kuikimbia elimu hakuzuii bomu hata moja, ila kabla ya kutia saini aulize nani anatoa fedha na nani ana haki ya kuchukua matokeo. Wakiwa ni jeshi, arudi.

"Na kama hawataki kunijibu, mjomba?"

Nikamwambia basi wamekwishamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsaidie kuandika hiyo barua ya kuuliza.