Msiseme Mmeona Mlichosimuliwa

Wanangu mnaojiandaa kwenda Uturuki kuyaona makanisa saba ya Asia, nawapongeza, na nina neno la kuwaambia kabla hamjafunga mizigo. Ratiba mliyopewa na wakala nimeisoma: Efeso asubuhi, Nyumba ya Mariamu mchana, Smirna jioni, kesho yake Pergamo na Thiatira, halafu Sardi, Filadelfia na Laodikia. Ni safari njema. Mwenda bure si mkaa bure, na ninyi hamwendi bure. Hofu yangu iko kwenye siku mtakayorudi. Jumapili hiyo mtaitwa mbele ya kanisa mtoe ushuhuda, na watu ambao pengine hawatapanda ndege maisha yao yote watawaamini kila neno. Nawasihi: msiseme mmeona kile mlichosimuliwa tu.

Shahidi husema alichokiona. Akisema alichoambiwa kana kwamba alikiona kwa macho yake, hata kama alichoambiwa ni kweli, ameshauharibu ushahidi wake. Na safari ya kuongozwa ina namna ya kuwafanya watu wema wawe mashahidi wa uongo bila wao kujua.

Nimepanda mabasi hayo ya mahujaji, najua mambo yanavyokwenda. Mmelala saa chache, jua la Efeso linachoma, mwongozaji anaharakisha kwa sababu kundi jingine liko nyuma yenu. Mnateremka barabara ya marumaru na kufika mbele ya jengo refu lenye nguzo za ghorofa mbili. Ni Maktaba ya Celsus. Simu zote zinatoka. Mmoja wenu anapaza sauti kwamba Paulo alipita hapa, na wote wanaitikia Amina.

Sasa sikilizeni. Paulo alikaa Efeso katikati ya karne ya 1. Maktaba hiyo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2, kwa heshima ya Tiberius Julius Celsus Polemaeanus, aliyekuwa liwali wa Asia, naye akazikwa humo humo. Paulo alikuwa amekwisha kufa zamani. Tena ule uso wa jengo unaopigwa picha na kila mtu ulikuwa vipande vilivyolala chini. Wanaakiolojia wa Austria waliusimamisha upya miaka ya 1970.

Mkiwa mmesimama hapo hapo, geuzeni shingo kulia. Ubavuni mwa maktaba pana lango lenye matao matatu. Lilijengwa mwaka wa 4 au 3 K.K. na watu wawili waliokuwa watumwa kisha wakaachwa huru, Mazaeus na Mithridates, kwa heshima ya Kaisari Augusto na jamaa yake. Lango hilo lilikuwepo Paulo alipoishi mjini, nalo linafunguka kuelekea sokoni, mahali ambapo fundi wa mahema kama yeye angeweza kuwa na shughuli za kila siku. Wengi hulipita bila kulitazama wakitafuta pembe nzuri ya kupigia picha maktaba. Ukisimama chini ya tao lake ukasema kwamba huenda Paulo alipita hapa, umesema kweli, na hiyo "huenda" haikupunguzii imani hata chembe.

Mtaendelea mpaka kwenye ukumbi wa michezo, ule wa wazi uliochongwa ubavuni mwa kilima, wenye nafasi ya watu wapata 25,000. Hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mahali penyewe ni pa kweli. Kiongozi wa kundi, pengine mchungaji wenu mwenyewe, atasimama katikati, atafungua mikono, na kusema kwamba Paulo alihubiri hapa mbele ya maelfu. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 19. Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, aliona biashara yake inaharibika, akawachochea wenzake. Mji ukajaa ghasia, watu wakawakokota Gayo na Aristarko mpaka ukumbini. Paulo alitaka kuingia. Wanafunzi wakamzuia, na baadhi ya wakuu wa Asia waliokuwa rafiki zake wakampelekea neno asijitie humo. Kwa habari anayotupa Luka, siku hiyo Paulo hakuingia.

Hilo ndilo linaloniuma. Mtu ameishika Biblia mkononi, na bado anaiamini sauti ya kipaza sauti kuliko ukurasa ulio mbele yake. Tena tazameni hasara yake: habari ya kweli ina funzo ambalo ile ya kubuni haina. Mtume aliyekuwa na ujasiri wote ule alikubali kuzuiwa na rafiki zake. Ninyi vijana, wepesi wa kukimbilia ugomvi, mnalihitaji funzo hilo kuliko hotuba nyingine ya kishujaa.

Kutoka hapo mtapandishwa mlimani kwenye Nyumba ya Mariamu, na huko nataka muwe na adabu ya pekee. Nyumba hiyo ndogo ya mawe ilitambuliwa mwaka 1891 na mapadri wa Smirna waliofuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki mwaka 1824 na ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Papa Paulo VI alifika hapo mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, Benedikto XVI mwaka 2006. Hata hivyo Kanisa Katoliki halijatamka rasmi kwamba ndipo Mariamu alipoishi, na yako mapokeo mengine, ya zamani zaidi, yanayoliweka kaburi lake Yerusalemu karibu na Gethsemane. Mtawakuta Waislamu pia wakiomba hapo, maana nao wanamheshimu Mariamu. Msiwadharau wanaopiga magoti, na msibishane na mtu mlangoni. Mapokeo ni amana. Anayeishika amana hutaja aliipokea kwa nani na tangu lini. Mkirudi, waelezeni watu hivyo hivyo.

Pergamo itawajaribu kwa namna nyingine. Kitabu cha Ufunuo kinataja kiti cha enzi cha Shetani katika mji huo, na karibu kila kundi huonyeshwa mahali ilipokuwa madhabahu kuu ya Zeu na kuambiwa ndiyo hiyo. Mtakachokiona kwa macho ni ngazi za msingi na miti michache. Sanamu zake zilichimbuliwa na Mjerumani Carl Humann kuanzia mwaka 1878, zikapelekwa Berlin, ambako zilijengewa jumba la makumbusho. Na je, madhabahu hiyo ndiyo iliyokusudiwa? Wako wafafanuzi wanaosema hivyo, wako wanaotaja ibada ya Kaisari, wako wanaotaja hekalu la Asklepio, mungu wa tiba. Andiko lenyewe halikutaja jengo. Likinyamaza andiko, mhujaji asilisemee.

Laodikia nayo ina mabomba ya maji yaliyozibwa kwa chokaa, unayaona kabisa. Mtaambiwa maji ya moto yalitoka Hierapoli yakafika mjini yamekuwa vuguvugu, na hiyo ndiyo sababu ya onyo la Yohana katika Ufunuo, kwamba kanisa la Laodikia ni vuguvugu. Simulizi hiyo inapendwa sana kwa kuwa inatoshea mahubiri. Lakini Hierapoli iko kaskazini, ng'ambo ya bonde, na mfereji wa maji wa Laodikia ulitoka kusini. Onyo la Yohana lina uzito wake bila msaada wa bomba. Pale pale Laodikia kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio: kanisa la karne ya 4 lililogunduliwa mwaka 2010, likiwa na sakafu zake za vigae. Mji ulioonywa ulikuja kuwa na kanisa kubwa miaka mingi baada ya onyo. Tafakarini hilo.

Na hapo naunganisha neno jingine, kwa sababu najua mahubiri yatakayowajia midomoni mkirudi: kwamba makanisa hayo hayakusikia, taa zao zikazimwa, na leo ni magofu. Mambo hayakwenda kwa wepesi huo. Mwaka 431 maaskofu walifanya mtaguso mkuu Efeso. Wakristo wa Kigiriki waliendelea kuishi Filadelfia, ambayo leo inaitwa Alaşehir, na Smirna, ambayo leo ni İzmir, mpaka vita vya mwaka 1922 na mkataba wa mwaka 1923 ulioamuru Wagiriki wa Uturuki na Waislamu wa Ugiriki wabadilishane nchi. Watu walihamishwa kwa mamia ya maelfu, huku na huku, wakiacha makaburi ya babu zao. Na İzmir bado kuna makanisa yanayosaliwa, likiwemo lenye jina la Polikarpo, askofu wa mji huo aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 2. Kusema kwamba wote hao walikuwa vuguvugu ni kuwasengenya marehemu.

Mwongozaji wenu mheshimuni. Huko Uturuki hiyo ni kazi yenye leseni, na mwenye leseni hutembea na kitambulisho chake. Mkiona anayewaongoza hana, ulizeni. Wengi ni watu waliosoma, tena ni Waislamu, na wanazifahamu nyaraka za Paulo kuliko baadhi yetu. Kosa mara nyingi ni letu sisi mahujaji. Tunataka kusisimka, na anayetegemea kuridhika kwetu hujifunza upesi asitukatize Amina yetu. Wazee wetu walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Basi kila mnaposimama mwulizeni maswali mawili kwa upole: hili lilijengwa lini, na tunajuaje? Mtaona uso wake unabadilika kwa furaha, na kuanzia hapo atawapa elimu aliyokuwa ameificha.

Someni kabla ya kuondoka. Matendo sura ya 19 na 20, Ufunuo sura ya 2 na ya 3, na waraka kwa Waefeso. Ni kazi ya jioni moja. Someni pia kitabu cha historia kinachotaja karne, ili mkiambiwa "zamani sana" mjue ni zamani ipi. Anayefika bila kusoma atayaona mawe, na maana yake ataazimwa na wengine.

Daini muda wenu. Ratiba ikiwapa saa moja na nusu kwenye duka la mazulia na dakika arobaini Sardi, simameni mseme hapana kabla hamjalipa. Sardi pana sinagogi kubwa lililofukuliwa kuanzia mwaka 1962, limepakana na uwanja wa mazoezi wa Kirumi, na nje kidogo ya mji pana kanisa dogo lililojengwa likigusana na hekalu la Artemi. Hapo mtaona kwa macho kwamba Wayahudi, Wakristo na waabudu miungu waliishi bega kwa bega, wakanunua bidhaa kwenye mtaa mmoja. Hilo halionekani kwa kukimbia. Ni heri kupunguza mji mmoja kwenye safari kuliko kuipita yote saba kwa dirisha la basi.

Kuhusu fedha, kumbukeni kwamba baadhi yenu mnakwenda kwa michango ya waumini. Maduka mnayopelekwa mara nyingi humlipa kamisheni aliyewaleta, na bei ya zulia au koti la ngozi huwa imeshabeba kamisheni hiyo. Hamlazimiki kununua. Ghasia za Efeso zilianza kwa watu waliokuwa wakitajirika kwa kuuza vitu vya ibada. Si vyema mfuasi wa Paulo arudi akiamini kwamba baraka imo ndani ya kichupa cha mafuta alichonunua karibu na kituo cha basi.

Na msiokote kitu. Hata kigae cha ukubwa wa ukucha, hata jiwe lililolala njiani. Sheria ya Uturuki namba 2863 ya mwaka 1983 inalinda mali zote za kale, na kuzitoa nchini ni jinai; wako wageni waliokamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya jiwe ndani ya begi. Hata kama pasingekuwa na askari, jiwe likiokotwa mahali pake halisemi tena lilikuwa la ukuta gani wala la karne gani. Mwenye kuliiba amemnyamazisha shahidi.

Sasa narudi kwenye ile Jumapili. Mtakaposimama, mbele yenu atakuwepo mama aliyetoa sehemu ya mauzo yake ya mboga ili ninyi mwende. Hatakuwa na njia ya kuhakiki mnachosema. Atakipeleka nyumbani, atawasimulia wajukuu, nao watakikuza. Mtu wa namna hiyo anastahili ukweli kuliko profesa yeyote, maana profesa ana vitabu vyake na huyu ana ninyi tu. Mwambieni: lango hili nililiona, lilikuwepo siku za Paulo. Maktaba hii ni nzuri, lakini ilikuja baadaye. Nyumba hii watu wanaiheshimu kwa mapokeo, na mapokeo yenyewe yalianza hivi. Ukumbini Paulo alizuiwa kuingia, na aliwasikiliza waliomzuia. Akiwauliza msilolijua, jibuni kwamba hamjui, kisha mkalitafute.

Imani yenu haikujengwa juu ya marumaru ya Efeso, kwa hiyo haiwezi kuanguka mkisema ukweli juu yake. Nendeni salama, na mkirudi tutawapa nafasi ya kusema. Itumieni kama mashahidi.