Kasoro isiyoonekana ni ya nani?

Mwezi Juni mwaka jana nilikwenda nyumbani Gare, Lushoto, kumjulia hali baba yangu. Nilifuatana na mpwa wangu anayesoma kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Baridi ya Usambara wakati ule ni kali, ukungu unashuka hata mchana, na mtoto wa mjini hana pa kwenda. Kwa bahati alikuwa amebeba zawadi aliyoletewa na baba yake mdogo anayeishi Uingereza, boksi lililojaa vipande vya plastiki vya kuunganisha ndege.

Ndege yenyewe si ngeni kwetu. Ni Super VC10, ndege ya jeti yenye injini nne zilizopangwa mkiani, tena katika rangi za East African Airways, lile shirika la pamoja la Tanzania, Kenya na Uganda lililokufa mwaka 1977. Imepunguzwa mara 144, kiasi kwamba ndege ya zaidi ya mita 52 inakuwa na urefu wa sentimeta 36 hivi.

Mimi nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe sivyo. Kiwiliwili cha ndege kimegawanywa nusu mbili, kulia na kushoto, kama ganda la karanga lililopasuliwa. Nusu moja ilikuwa imepinda kidogo, hivyo ukibana mbele, nyuma panaachama. Ukibana nyuma, mbele panaachama. Mabawa nayo yaliacha ufa ambao ukucha ungeingia. Kijana alijaribisha vipande bila gundi, akakwangua, akajaribisha tena. Gundi yake huyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane kama kitu kimoja, kwa hiyo ukikosea, kurudi nyuma ni taabu. Penye nyufa alijaza puti, akasugua kwa msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu.

Siku ya tatu ndege ilikamilika. Akaisimamisha juu ya meza ya baba barazani. Ikakaa kitako! Mkia chini, pua juu, kama kuku anayekunywa maji.

Sababu yake ni rahisi. Ndege hii ina uzito wake nyuma, kwenye injini. Karatasi ya maelekezo ilimwambia atie uzito ndani ya pua kabla ya kufunga kiwiliwili. Nilipomuuliza, hakusema amesahau. Alikiri kuwa aliona maelekezo hayo, akaona uvivu kutafuta kitu kizito, akafunga. Sasa akawa na ufumbuzi wake. Atakata kijiti cha kiberiti, akigandishe chini ya mkia kiishikilie ndege, akipake rangi, basi.

“Mjomba,” aliniambia, “ikishakuwa kabatini nani atajua?”

Baba yangu, ambaye amefanya useremala zaidi ya miaka 40, alikuwa amekaa pembeni akiota moto wa jiko. Akamuuliza, “Kwani wewe si mtu?”

Tulicheka. Lakini swali lile halikuniacha kulala, na ndilo ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji. Je, kasoro ambayo hakuna atakayeiona ina uzito wowote? Na kama kitu chenyewe ni mchezo, kuna la halali na haramu, la uaminifu na hiana, ndani ya mchezo?

Yupo atakayesema kuwa mwandishi amekosa la kuandika. Umma una matatizo makubwa, yeye anazungumzia ndege ya plastiki. Yupo mwingine atakayesema kuwa vitu hivi ni upuuzi mtupu, tusipoteze muda navyo. Kwa huyu wa pili, tukumbuke hadithi iliyopokewa na Abu Daud. Mtume (s.a.w.) alimkuta Bibi Aisha (r.a.) na vitu vyake vya kuchezea, miongoni mwake farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akamuuliza, farasi gani ana mabawa? Bibi Aisha akajibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.) waliokuwa na mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakukunja uso. Mchezo wa mtoto ulipata nafasi yake katika nyumba bora kuliko nyumba zote. Sasa sisi ni akina nani tuudharau?

Turudi kwenye kasoro. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Je, puti ni udanganyifu? Kijana aliziba nyufa na kupaka rangi, leo hakuna anayeziona. Je, amedanganya?

Jibu langu ni hapana. Seremala anapozamisha kichwa cha msumari na kuziba tundu lake, hakuna anayedhulumiwa. Kila mtu anajua kuwa kabati lina misumari, na kabati ni imara kama linavyoonekana. Puti ya namna hii inamalizia kazi. Lakini seremala yuleyule akiziba kwa puti mguu wa kiti uliopasuka, akapiga vanishi, akauza, hapo jambo limegeuka. Puti ni ileile, mkono ni uleule, ila sasa kuna mtu atakayekalia kiti hicho akiamini kitu kisichokuwepo.

Hili ndilo tunalofundishwa na hadithi mashuhuri katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akatamka wazi kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Zingatia kwamba mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Mvua haikuwa yake. Alilaumiwa kwa mpangilio wake, kikavu juu na kibichi chini.

Kijiti cha kiberiti chini ya mkia ni wa aina ipi? Kwa watu wengine labda si kitu, kwa sababu hakuna anayenunua ndege ile wala kuipanda. Ila kijana mwenyewe anajua kuwa kijiti kile kimewekwa ili ndege ionekane imekamilika wakati haijakamilika. Lundo ni lake, unyevu ni wake, na mnunuzi anayedanganywa ni yeye mwenyewe.

Pale Gare watoto huunda magari ya mbao, wakayapanda na kuteremka nayo kwenye miteremko. Mtoto akilegeza ekseli, au akipuuza breki yake ya kijiti, hahitaji mawaidha. Kona ya kwanza itamwambia. Kigari cha mbao kinamkosoa mwenyewe palepale, na magoti yake ndiyo mashahidi. Ndege ya plastiki haisemi. Itakaa kabatini miaka 20 na siri yake. Na kazi nyingi tunazofanya sisi watu wa mjini zinafanana na ndege hii kuliko kigari kile. Hesabu za ofisini, nondo ndani ya zege, waya ndani ya ukuta, dawa ndani ya kidonge, sahihi chini ya ripoti. Hazituangushi sisi tuliozifanya. Zikianguka, zinamwangukia mwingine, mahali pengine, siku nyingine.

Hebu tuitazame VC10 ya kweli. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways yenye namba 5X-UVA, iliyotoka Nairobi kwenda London, ilikuwa inakimbia ili ipae kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusitisha safari, akafunga breki. Breki hazikutoa nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwemo, 43 walifariki. Uchunguzi ulieleza kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa isivyo sahihi iliporudishiwa, na ndiyo maana ndege haikuweza kusimama katika masafa yaliyobaki.

Sisemi kwamba aliyeunganisha breki zile alikuwa mdanganyifu. Huenda alikosea tu, na kukosea si dhambi sawa na kughushi. Lakini kwa abiria aliyekaa kwenye kiti chake amefunga mkanda, tofauti hiyo haikuwa na faida. Hapa tunajifunza kuwa nia njema peke yake haitoshi. Amana inataka uaminifu wa moyo, na inataka pia mkono uliozoea kurudia na kuhakiki. Mkono huo haupatikani siku ya ajali. Unafundishwa kabla, katika vitu vidogo, vikiwemo vya mchezo, kwani mkono haujui kama leo unacheza au unafanya kazi. Unazoea kile unachozoeshwa.

Na upande wa pili upo. Shirika lilipokufa mwaka 1977, ndege nne za aina hiyo zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia mafuta wenzake angani, na ya mwisho miongoni mwao iliruka hadi Septemba 2013. Zaidi ya miaka 40 tangu ziundwe! Kulikuwa na viungo visivyohesabika ndani yake ambavyo hakuna abiria aliyeviona, na kila siku vilibeba roho za watu.

Katika Suratu Sabaa, aya ya 10 na 11, Allah (s.w.) anatueleza kuwa alimlainishia chuma Nabii Daud (a.s.) na kumwamrisha aunde deraya kamili, akadirie vyema uunganishaji wa pete zake. Kisha akaamrisha kutenda mema, akikumbusha kuwa Yeye anayaona yanayotendwa. Ajabu iliyoje! Mtume wa Allah, mfalme, anaelekezwa namna pete moja inavyokaa ndani ya nyingine. Pete moja iliyolegea katika maelfu, nani angeiona? Mkuki wa adui ungeiona. Na kabla ya mkuki, aya yenyewe inatujulisha ni nani anayeona.

Hapa Dar es Salaam tunalo la kukumbuka. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Mpita njia hawezi kuona ndani ya nguzo. Anategemea kuwa waliokuwepo wakati zege likimwagwa waliogopa kitu kikubwa kuliko macho ya wapita njia.

Nakiri kuwa upo upande wa kuchunga. Wapo watu ambao kuhakiki kwao kumekuwa wasiwasi wa Shetani, kama yule anayerudia udhu mpaka swala inampita. Fundi wa namna hiyo hamalizi kazi, na ahadi anavunja. Kasoro ndogo zitabaki, kwani ukamilifu ni wa Allah peke yake. Ufa mwembamba chini ya bawa si hiana. Tunaloulizwa ni je, ulilijua lililotakiwa, ukaliacha kwa uvivu, kisha ukaliziba lisionekane?

Swali hilo lilinigusa mimi kabla ya mpwa wangu. Kazini kwangu napokea mizigo ghalani. Wiki moja kabla ya safari nilitia sahihi kuwa nimehesabu mabati yaliyoletwa jioni, kumbe nilichungulia mlangoni tu, maana lori lilikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka. Sikuchukua senti ya mtu. Nilijiona mwaminifu. Usiku ule wa Gare, nikisikia mvua ya manyunyu juu ya bati la baba yangu, niliona kijiti changu cha kiberiti kilipo.

Asubuhi kijana aliomba kisu cha babu yake. Alipasua tumbo la ndege nyuma ya gurudumu la mbele, pale puti ilipokuwa imekaa vizuri kabisa. Akaingiza nati tatu ndogo kutoka kwenye sanduku la vifaa, akazigandisha, akaziba. Kovu halikutoka lote hata baada ya msasa. Lakini ndege ilishusha pua yake taratibu, ikasimama kwa magurudumu yake. Babu yake aliitazama, akasema tu, “Haya, kanawe mikono tule.”

Nami Jumatatu niliporudi kazini nilifungua ghala, nikahesabu upya. Mabati 12 hayakuwepo. Niliandika barua kueleza kuwa sahihi yangu ya kwanza haikuwa ya kweli, nikaipeleka kwa mkubwa wangu kwa mkono wangu. Nimekatwa mshahara kufidia, na sina la kulalamika.

Tumuombe Allah atujaalie tuwe wa kwanza kuingiza mkono katika malundo yetu, kabla hajaja wa kuuingiza asiyedanganyika.

Wabillahi tawfiq.