Ujira wa Mama Anyonyeshaye

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari ya binti Farao aliyemwona mtoto Musa ndani ya kisafina mtoni. Aliitwa mwanamke wa kumnyonyesha, naye, pasipo binti Farao kujua, alikuwa mama mzazi wa mtoto. Akakabidhiwa mtoto, akaahidiwa ujira. Tulipime vema jambo hilo. Katika nyumba ya mfalme aliyeamuru watoto wa kiume wa Waebrania waangamizwe, alipatikana mtu aliyekiri kwamba kunyonyesha ni kazi istahiliyo malipo. Je, sisi tuliobatizwa tutafanya pungufu ya hayo?

Twauliza hivyo kwa kuwa kina mama wengi wa nchi yetu hulazimika kuchagua kati ya maziwa ya mtoto na riziki ya nyumba. Kumlazimisha mama achague hivyo si haki.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Humkataza mwajiri kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito. Tena humwagiza amruhusu mama amnyonyeshe mtoto katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kila siku.

Saa hizo 2 si hisani. Waganga watufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Siku 84 hazitimizi hata miezi 3. Katika miezi iliyobaki mtoto atategemea nini, kama si saa hizo? Mwajiri azinyimaye humnyang'anya mtoto chakula chake. Na yule azitoaye kwa maneno tu, huku mtoto yuko mbali na pa kumnyonyeshea hapana, hajatoa kitu.

Lakini wako wasio na mwajiri. Tazameni Mtera, penye bwawa la Ruaha Mkuu lililokamilika mwaka 1980, mpakani mwa Mikoa ya Dodoma na Iringa. Kina mama wa huko hununua perege na kambale kwa wavuvi, huwakausha kwa moshi au huwakaanga, kisha huwauzia wasafiri barabarani. Hao watamdai nani saa zao 2? Moshi na jua kali la uwanda wa kati havimfai mtoto mchanga. Akiachwa nyumbani na dada yake mdogo, atanyweshwa uji kabla ya wakati, na pengine yule dada naye atakosa shule.

Asiseme mtu kwamba pasipo mwajiri hapana wajibu. Penye soko pana ushuru, na penye ushuru pana wajibu. Halmashauri haishindwi kujenga kibanda chenye kivuli, maji safi na mabenchi karibu na soko. Wenzetu wa WAWATA na Jumuiya Ndogondogo waweza kupeana zamu za kutunza watoto hapo, ili mama aache samaki kidogo, amnyonyeshe mwanawe, arudi.

Wala isionekane aibu. Tarehe 12 Januari 2014, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Baba Mtakatifu Fransisko aliwahimiza kina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa papo hapo, bila kusita. Lililoruhusiwa mbele ya Altare litakatazwaje ofisini au sokoni?

Nanyi akina baba, mkumbukeni Elkana. Hana alipokataa kupanda Shilo mpaka amwachishe Samweli maziwa, mumewe hakumshurutisha. Basi, mume asidai kuni, maji na mapato yale yale kwa mama aliyejifungua juzi, huku yeye amekaa kivulini.

Twawasihi waajiri watimize sheria, wabunge wawafikirie kina mama wasioajiriwa, na parokia zote zianze na lililo karibu nazo. Binti Farao hakumjua Mungu wa Israeli, walakini alilipa. Sisi tunaomjua Mwana wa Mungu aliyenyonya maziwa ya Bikira Maria, tutajitetea kwa neno gani siku ya hukumu?