Waumini Walimwombea

Mpendwa, huenda umewahi kumwona: mtu aliyepotea kanisani miaka mingi, Jumapili moja anarudi. Anachagua benchi la mwisho, na wimbo wa kutokea haujaanza yeye ameshaondoka. Tuliobaki tunageuza shingo. Macho yetu yamemwambia nini?

Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru watu wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka, kisha wapewe hati ya kuthibitisha. Papa Fabiani aliuawa. Wakristo wengi walishindwa: wengine walifukiza ubani, wengine wakanunua hati tu. Mateso yalipopungua wakaja kupiga hodi, na aliyetakiwa kuwajibu ni Kornelio, aliyechaguliwa kuwa Papa mwaka 251. Padre Novatian, msomi aliyeheshimika, alishikilia kwamba wasipokelewe tena, akafanywa askofu wa Roma kumpinga Kornelio. Kornelio, akiungwa mkono na Sipriani, askofu wa Karthago, alisema wapokelewe baada ya toba. Toba, nasema, si kufumba macho.

Ni rahisi kumlaumu Novatian. Mimi sina haraka hiyo. Ukiwa umemzika ndugu yako aliyekataa kusalimu amri, utampaje mkono wa amani aliyenunua hati? Je, hujawahi kuhisi kwamba mwenzako akisamehewa, uaminifu wako umepunguzwa thamani?

Kornelio naye hakuwa malaika. Alimwandikia askofu wa Antiokia barua yenye maneno makali mno juu ya Novatian, na kwa kweli mengine natamani asingeyaandika. Lakini barua hiyohiyo inataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na Kanisa la Roma. Miaka miwili baadaye, mwaka 253, alifia uhamishoni Centumcellae. Tunamkumbuka pamoja na Sipriani kila tarehe 16 Septemba.

Katika barua hiyo kuna habari fupi ninayoipenda. Mmoja wa maaskofu watatu waliomwekea Novatian mikono alirudi akilia na kuungama kosa lake. Kornelio hakumrudishia uaskofu. Alimpokea kwenye ushirika kama mlei, kwa kuwa waumini wote waliokuwapo walimwombea.

Huenda kati yao walikuwamo waliofiwa katika mateso yale. Ungekuwa mmoja wao, mpendwa, ungeanza kumwombea kwa maneno gani?