Kikoba Kilichouza Kufuli Zake

Hadithi hii nimeitunga. Kikoba chenyewe hakimo kwenye daftari lolote la Manispaa ya Songea, na mkazi wa Lizaboni akijiona humu ajue imetokea tu. Mbinu zilizomo, hata hivyo, sikuzitunga. Zimetumika Dar es Salaam, zimetumika Kampala, na mmoja wa walionufaika nazo alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 20.

Kilikuwa kikoba cha watu ishirini na wanane, wengi wao wanawake wa sokoni: wauza maharage, mama lishe, fundi cherehani, na mama mmoja aliyekuwa akileta dagaa wa Nyasa kutoka Mbamba Bay. Walikutana kila Jumamosi alasiri uani kwa mweka hazina. Sanduku la chuma lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, wala mweka hazina hakuwa mmoja wao. Fedha ilihesabiwa mbele ya wote. Katibu kila alipoandika alisoma kwa sauti; aliyenunua hisa tano alisikia "tano", na jirani yake akasikia pia. Mtu akidai wiki iliyopita mfuko wa jamii ulibaki na shilingi 64,500, watu kumi walikuwa tayari kumsahihisha kama amekosea hata mia tano. Kelele zile zilichosha. Mkutano wa saa moja uliweza kwenda saa mbili na nusu, na watoto nyumbani hawajala.

Songea ina kalenda yake ya fedha. Mahindi yakishavunwa na kukauka, watu hupeleka magunia kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au huwauzia wafanyabiashara wa magari, na malipo huingia polepole. Mvua zikikaribia mwishoni mwa mwaka, kila shilingi hutafutwa kwa ajili ya mbolea. Hapo katikati, kuanzia Septemba hivi hadi Oktoba, fedha hulala. Tapeli anayeijua kalenda hiyo hana haja ya kujua mengine mengi.

Kijana alikuwa mpwa wa katibu. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, hana ajira, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Akahudhuria semina ya siku tatu katika ukumbi wa kukodi mjini: soda, daftari, kalamu, na cheti chenye mhuri wa dhahabu. Mada ilikuwa blokucheni na uchumi wa kidijitali.

Siku mbili za kwanza alifundishwa mambo ya kweli, na ubaya wa kisa hiki unaanzia hapo. Aliambiwa kwamba blokucheni ni daftari ambalo nakala yake iko kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa mpya hubeba alama iliyokokotolewa kutoka kwenye ukurasa uliotangulia, kwa hiyo anayetaka kufuta deni la mwaka juzi itambidi abadilishe kurasa zote zilizofuata, tena katika nakala za watu wote. Aliambiwa bitkoini ilianza kutembea Januari 2009, na kwamba idadi yake haiwezi kuzidi milioni 21. Yote sahihi. Alirudi nyumbani kichwa kimejaa, na kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo alijiona anajua kitu ambacho mji mzima haukijui.

Siku ya tatu vikaja vifurushi. Shaba, fedha, dhahabu. Mkufunzi aliwaonyesha picha ya Rais Samia akiwa Mwanza mwezi Juni 2021, alipoitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu za kidijitali. Akaonyesha kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 inatoza asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, "na serikali haiwezi kutoza kodi kitu haramu". Akamalizia na cheti cha BRELA cha kampuni iliyoandaa semina. Rais alisema kweli, kodi ipo kweli, na cheti huenda kilikuwa halisi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoihusu fedha ambayo kampuni ile ilikuwa ikijiandaa kuipokea. BRELA husajili majina ya biashara na makampuni. Haimpi mtu ruhusa ya kukusanya amana za watu. Hiyo hutolewa na Benki Kuu, na anayetaka kuuza hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji huenda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019, lililowaonya wananchi dhidi ya sarafu hizi, halikuonyeshwa ukumbini.

Kuuza wizi kwa jina la masomo si ubunifu wa mkufunzi yule. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova pamoja na Karl Sebastian Greenwood, iliuza "vifurushi vya elimu" kuanzia yuro 100 hivi hadi zaidi ya yuro 100,000, na sarafu zikaja kama nyongeza ya masomo. Ilifika Uganda, ikaingia vijijini, watu wakauza mifugo. Mtaalamu wa Norway, Bjørn Bjercke, alisimulia baadaye kwamba mwaka 2016 alitafutwa ili aijengee OneCoin blokucheni. Alishangaa, kwa kuwa sarafu zilikuwa zimeshauzwa duniani kote. Daftari halikuwepo. Bei iliyokuwa ikipanda kwenye skrini za wateja iliandikwa na kampuni yenyewe. Ignatova alitoweka Oktoba 2017 na hajaonekana. Greenwood ndiye aliyepewa ile miaka 20, Septemba 2023. Waendesha mashtaka walikadiria kwamba zaidi ya dola bilioni 4 zilikusanywa. Na Waganda hawakupumzika: Dunamiscoins nayo ilifunga ofisi zake Desemba 2019, wiki chache kabla ya Krismasi, watu wakiwa wamesimama nje.

Turudi uani.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Karibu."

Kijana aliuliza swali zuri: "Shangazi, daftari hili likiungua leo, mnafanyaje?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Akawaonyesha aplikesheni kwenye simu, tarakimu za kijani zikipanda mbele ya macho yao. Akawaambia asilimia 8 kila wiki. Si DECI hii, alisema, maana wazee walishaanza kunong'ona. DECI ya mwaka 2009 ilikuwa upatu wa kupanda mbegu na kuvuna, haikuwa na teknolojia. Wala si ile LBL ya kutazama matangazo, ambayo Benki Kuu iliikana Februari 2025. Hii ni elimu.

Mama wa dagaa akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nanunua Mbamba Bay nauza hapa. Faida yangu naijua imetoka mfukoni mwa nani. Hiyo nane yako inatoka mfukoni mwa nani?"

"Inatoka kwenye mfumo, mama."

"Mfumo ndiyo nani?"

Watu walicheka. Katibu akasema tusimkatishe mtoto tamaa, amesoma, na vijana wetu wakileta jambo tunawazomea. Swali likaishia kwenye kicheko, kama yaishiavyo maswali mengi mazuri kwenye mikutano yetu.

Laiti mtu angeshika kikokotoo. Laki moja ikiachwa ikue kwa asilimia 8 kila wiki, baada ya wiki 52 inapita milioni 5.4. Ikiachwa mwaka wa pili inakaribia milioni 300. Kikoba kizima kingeweza kununua malori kadhaa ya mahindi kwa akiba ya mama lishe mmoja. Hiyo ni riba mkusanyiko, hesabu ya sekondari, na kijana mwenye stashahada aliiweza kabisa; hakuipiga kwa sababu semina haikumwambia aipige.

Walianza na laki tano za mfuko wa jamii. Wiki ya pili elfu arobaini ikarudi, taslimu, ikatolewa kwa wakala wa simu na kuhesabiwa uani kwa vigelegele. Hakuna semina inayomshinda jirani aliyelipwa. Mama wa dagaa mwenyewe, aliyeuliza, aliingiza laki tatu zake wiki ya nne. Ya tano, wanachama walikubaliana kwamba sanduku halina kazi tena. Fedha yote iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili ya mbolea ikahamia kwenye akaunti moja, ya simu moja, yenye nywila moja aliyoijua kijana, na salio ambalo mtu mwingine asiyejulikana aliweza kuliandika apendavyo.

Ndiyo maana nimekiita kikoba kilichouza kufuli zake. Kile ambacho blokucheni inajaribu kukifanya kwa umeme na hesabu, yaani daftari lenye mashahidi wengi wasiohitaji kuaminiana, wale wanawake walikuwa nacho tayari kwenye zile kelele za Jumamosi. Wakakitoa, wakapewa tarakimu za kijani za mtu mmoja, na wakaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Dalili ilikuwepo mkononi tangu siku ya kwanza. Mweka hazina alipotuma fedha kwa simu, ujumbe wa uthibitisho ulikuja na jina la mtu binafsi, si la kampuni. Wiki iliyofuata jina lilikuwa lingine. Aliuliza, akajibiwa kuwa hao ni mawakala wa mkoa. Akaridhika kwa kuwa aliyemjibu alikuwa na cheti.

Mwisho wa Oktoba waliomba kutoa fedha. Aplikesheni ikasema salio limezuiwa hadi walipe kwanza kodi, asilimia 20. Kodi ya kweli ya asilimia 3 hukatwa na anayelipa, kwenye malipo yenyewe. Hailetwi na mdai kutoka mfukoni ili alipwe. Wakakopa, wakaituma. Siku tatu baadaye kundi la WhatsApp lilifungwa na aplikesheni ikawa haifunguki. Polisi waliandika maelezo. Laini zilizopokea fedha zilisomeka majina ya watu wa mikoa mingine, mmoja wao bibi asiyejua hata kusoma ujumbe.

Sitaki msomaji aondoke akidhani nasema vijana wa Songea wasifundishwe mambo haya. Wafundishwe, tena kwa kina. Huko Baltimore, Chuo Kikuu cha Morgan State, kimoja cha vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi walipokuwa wakifungiwa milango kwingine, kina kituo cha utafiti wa blokucheni na teknolojia ya fedha kinachowasaidia walimu wa vyuo vingine vya aina hiyo kuandaa masomo na utafiti. Kilisaidiwa kuanza na kampuni ya Ripple, ambayo maslahi yake kwenye sarafu ya XRP yanajulikana, na mimi ningekuwa mwanafunzi wa pale ningependa hilo lisemwe darasani siku ya kwanza.

Wamarekani Weusi wana historia ya kuwafanya wawe wagumu wa kuamini. Machi 1865, utumwa ukikaribia mwisho wake, iliundwa kwa sheria ya Bunge la Marekani benki ya akiba kwa ajili ya waliokuwa watumwa, Freedman's Savings Bank. Vitabu na matangazo yake vilijipamba kwa sura ya Lincoln, na wengi waliamini serikali inasimama nyuma ya akiba zao. Haikusimama. Wakurugenzi walikopeshana na marafiki, ukaja mtikisiko wa mwaka 1873, na Frederick Douglass alipokabidhiwa urais wa benki mwaka 1874, akaweka na dola 10,000 zake mwenyewe, aligundua ndani ni patupu. Ilifungwa mwaka uleule. Watu wapatao 61,000 walikuwa wakiidai karibu dola milioni 3. Picha ya Lincoln kwenye vile vitabu na picha ya Rais kwenye ule ukumbi wa kukodi zilifanya kazi moja.

Songea kuna kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha. Mwanafunzi wake wa mwaka wa pili anayejua kusoma mizania angetosha kulijibu swali la mama wa dagaa kwa dakika tano, bila soda. Hakuna aliyefikiri kumwita, na yeye hakuna aliyemtuma Lizaboni.

Kijana hakuwa tapeli. Alikuwa ameingiza akiba yake yote, na kamisheni ya kuleta watu aliyopewa aliirudisha humohumo. Wanachama walibishana Jumamosi mbili kama adaiwe au asamehewe. Wakaamua adaiwe: shilingi elfu thelathini kila mwezi kutoka kwenye kibanda cha simu, ikisomwa kwa sauti inapolipwa, shangazi yake akiiandika. Mbolea walikopa dukani kwa bei ya mkopo, kila mmoja kwa dhamana yake. Wanne hawakukopeshwa, na ekari zao walizipanda hivyohivyo.